Daraja Kinywani mwa Chepkemei

Enzi za usichana wake, ungemwuliza Chepkemei anajivunia nini, asingekutajia ng'ombe wa baba yake wala sauti yake ya kuimba, ingawa vyote viwili vilisifiwa kilimani kwao. Angefungua mdomo akuonyeshe pengo. Meno mawili ya mbele, ya chini, yaling'olewa akiwa mtoto kama desturi ya kwao ilivyotaka, na aling'olewa bila kutoa sauti. Mzee mng'oaji alikuja asubuhi moja na kichuma chake chembamba, watoto wa kilima kizima wakaketishwa mstari mmoja, na watu wazima wakaja kutazama nani ni nani. Mtoto aliyelia angebandikwa jina la mlizi, na jina hilo lingemfuata hadi aote mvi. Chepkemei aliukazia macho mkia wa ndama aliyefungwa pale mbele, akautazama mpaka kazi ikaisha. Akatema damu, akapewa maziwa, akacheka watu walione pengo jipya.

Aliyemfuata kwenye mstari alikuwa Kiprugut, mtoto wa jirani, aliyemzidi umri kidogo na kumzidi maneno mara nyingi. Tangu alfajiri alikuwa akiwaeleza wenzake kwamba yeye hatapepesa hata ukope. Mzee alipomshika kidevu, Kiprugut alilia. Hakutoa kelele, maana kelele ingesikika. Alilia kimyakimya, machozi yakamshuka mashavuni hadi shingoni, na chini ya ngozi waliyokalia akaukamata mkono wa Chepkemei kwa nguvu. Yule msichana, mdomo ukiwa bado umejaa damu, alijisogeza akamkinga watu wasimwone, akamfuta kwa upindo wa nguo yake. Siku ile hakumwambia mtu. Hata mama yake hakumwambia. Na walipooana miaka mingi baadaye, ile siri ilikuwa mali yao wawili, na Chepkemei aliitunza vizuri kuliko vyombo vya harusi.

Sasa, Kiprugut alisoma kidogo misheni, na maneno mengi yakiongezewa kusoma kidogo humfikisha mtu mbali. Uhuru ulipokuja alikuwa karani katika ghala kubwa la mahindi mjini Nakuru. Mzungu mmoja alipofunga mizigo yake akaenda kwao, Kiprugut alikalia kiti chake. Wakahamia nyumba ya kampuni karibu na reli, yenye bomba la maji ndani na waridi za mke wa yule Mzungu nje. Chepkemei aliziacha waridi zilipo, akapanda sukuma wiki katikati yake. Binti yao, Chebet, akaanza shule.

Cheo kilikuja na mialiko. Mwaka wa 1966, wakubwa wa kazi walialikwa hotelini kula pamoja na wake zao, na Chepkemei akashonewa gauni la bluu. Mezani alikaa karibu na mke wa bosi mmoja, mama mpole tu ambaye hakuwa na nia mbaya. Yule mama alimtazama kinywani, akamwekea mkono begani, akamwuliza kwa Kiswahili chake cha kujifunza, "Pole, Mama. Ulianguka?"

Chepkemei alifungua mdomo amweleze. Alitaka kumweleza juu ya mzee na kichuma, na ndama, na jinsi yeye hakulia. Lakini kabla hajaanza, Kiprugut aliyekaa upande wa pili alicheka, na meza nzima ikacheka pamoja naye. Alicheka huku ameubana mdomo wake wa chini, maana pengo kama lile na yeye alikuwa nalo. Chepkemei akaweka kiganja juu ya midomo yake, akala chakula kilichobaki namna hiyo.

Kesho yake, wakinywa chai, Kiprugut alisema, "Yale meno yatatengenezwa."

"Meno yangu yana nini?"

"Hayana kitu, Mama Chebet. Pale mbele hayana kitu kabisa, ndiyo maana tunaongea."

"Na pale kwako pana nini?"

Hapo Kiprugut aliweka kikombe chini, akamshika mkono vilevile alivyomshika siku ya kilio. "Na mimi pia," akasema. "Tuling'olewa pamoja, tutaziba pamoja. Utangulie wewe, mimi nifuate mwezi ujao nikipata likizo. Sote wawili."

Chepkemei alilifikiria neno hilo siku kadhaa. Alijua watu wa nyumbani watasema. Watasema ameona haya kwa kuzaliwa kwao, amejigeuza Mzungu, amesahau mzee na kichuma chake. Lakini maneno ya watu wakigawana wawili si mzigo. Mmoja akiinama, mwenzake anamshika. Kwa ajili ya neno "sote" alikubali. Bila hilo asingekubali, hata angeahidiwa nyumba ya ghorofa, na ni vizuri hili lijulikane mapema ili baadaye asilaumiwe asiyehusika.

Daktari wa meno aliitwa Ranjan. Chumba chake kilikuwa juu ya duka la vitambaa la kaka yake Mohanlal, kwa hiyo ngazini ulipanda na harufu ya nguo mpya na juu ukapokewa na harufu ya karafuu. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye mikono safi sana na desturi ya kuimba puani akifanya kazi. Alimlaza Chepkemei kitini, akachungulia, akaacha kuimba.

"Nani alitoa hii meno?"

"Mzee wa kwetu," Chepkemei akajibu. "Kitambo."

"Kazi safi! Hakuna mzizi imebaki, hata kipande. Iko watu wamesoma miaka sita hawawezi kutoa namna hii." Akamgeukia Kiprugut, akamrudia tena mgonjwa wake. "Sasa sikiza, Mama. Iko njia tatu, na iko ya nne si yetu. Nitaambia wewe yote, halafu wewe utachagua, kwa sababu mdomo ni yako."

Chepkemei akampenda kwa neno hilo. Akakaa vizuri asikilize.

"Ya kwanza, meno ya kuvaa na kuvua. Kipande ya plastiki rangi ya ufizi, meno mbili juu yake, na waya kidogo ya kushika jirani. Asubuhi unavaa, ukienda kulala unaweka kwa gilasi ya maji. Meno yako mwenyewe siguzi hata moja. Ya pili na ya tatu ni daraja. Umeona daraja ya mto? Katikati chini hakuna kitu, iko hewa tu. Inabebwa na nguzo mbili, moja huku, moja huku. Hapa nguzo ni hii jino na hii." Akayagonga kwa kijiti chake meno mawili yaliyopakana na pengo, moja kulia, moja kushoto. "Nguzo zinavaa kofia. Meno ya kutengeneza yanasimama katikati, yameshikana na hizo kofia, kitu yote ni moja. Napaka simiti, naweka, haitoki. Unakula, unacheka, unalala nayo."

"Kofia inakaa juu ya jino zima?"

"Hapo ndiyo maneno yenyewe. Haikai. Ukivalisha jino zima itakuwa kubwa kama kofia ya polisi. Lazima nisage jino pande zote, ibaki kidogo kama kidole ya mtoto. Kofia ya dhahabu ni nyembamba, ina nguvu, nitasaga kidogo tu. Lakini itang'aa, mtu akiwa ng'ambo ya barabara ataona. Kofia nyeupe, ndani chuma, nje kama kikombe ya chai ya wageni, hiyo ni nene. Inataka nafasi. Hapo nasaga sana."

"Na nikisagwa halafu nibadilishe nia?"

Ranjan akatikisa kichwa. "Jino si ukucha, Mama. Ikisagwa imesagwa. Siku zote itataka kofia."

"Na ya nne?"

"Huko Ulaya na Amerika wako watu wanajaribu kutoboa taya na kusimamisha nguzo ya chuma ndani ya mfupa, halafu kofia inakaa juu ya chuma. Jirani haguswi. Hiyo kwa akili yangu ndiyo nzuri kuliko zote, lakini bado wanajaribu, zingine zinashika, zingine zinaoza. Siwezi kujaribu kwa mdomo yako. Labda mtoto yako ataona."

Chepkemei hakuhitaji muda mrefu. "Nitachukua ya kuvaa na kuvua," akasema.

"Meno ya kuanguka!" Kiprugut akadakia kutoka kwenye benchi. "Unataka yadondoke kwenye supu pale hotelini, tuanze kuyavua kwa kijiko? Daktari, weka daraja. Weka nyeupe."

Hata Chepkemei alicheka, akiiona ile supu. Halafu akaacha kucheka. Ulimi wake ulikwenda wenyewe kwenye yale meno mawili, moja kulia, moja kushoto. Yalikuwa mazima. Yalisimama pale tangu wenzao walipoondolewa, hayakuwahi kumuuma wala kumwaibisha, na sasa yalikuwa yakihukumiwa bila kosa.

"Na wewe utasagwa yako?" akamwuliza mumewe kwa lugha yao.

"Mwezi ujao. Nguzo zako na nguzo zangu."

Akaitikia kwa kichwa. Sindano ya ganzi ikaingia, pamba ikajazwa, mdomo ukawa si wake tena. Hapo ndipo Kiprugut alipoinuka, akaja akasimama upande wa pili wa kiti, akasema maneno machache kwa Kizungu huku anatabasamu. Ranjan alimtazama. Kisha akamtazama Chepkemei, muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika. Chepkemei, ambaye Kizungu kilimpita juu, alidhani daktari anamhurumia kwa sindano, naye akamkonyezea jicho amwonyeshe kwamba haogopi. Ranjan akawasha mashine.

Daraja lilitengenezwa Nairobi, na lilipofika likafungwa kwa simiti, hakuna mtu angeweza kulikosoa. Kwenye kioo Chepkemei alimwona mwanamke mwingine, mzuri, ambaye hawajatambulishwa. Hotelini mke wa bosi alimpigia makofi. Kiprugut akamwambia avae lile gauni la bluu tena, akamshika kiuno mbele ya watu, jambo ambalo hakuwa na tabia nalo.

Nyumbani ilikuwa hadithi nyingine. Alipokwenda kumsalimu mama yake, yule mama alimkalisha mlangoni penye mwanga, akamshika kidevu, akayatazama meno. Alitazama kwa utulivu, kama mtu anayetazama ng'ombe wa jirani aliyeingia zizini mwake.

"Wewe nilikuzaa," akasema hatimaye. "Hawa wawili sikuwazaa."

"Hata Baba Chebet ataweka, Mama. Tumekubaliana. Mwezi ujao."

"Basi akiweka mje wote wawili, niwazoee kwa mara moja."

Hawakwenda wote wawili. Mwezi uliofuata ulikuwa wa mavuno, na ghala halina likizo wakati wa mavuno. Uliofuata huo, Kiprugut alishikwa na kikohozi, na mtu anayekohoa hawezi kusagwa meno, angalau ndivyo alivyosema mwenyewe. Kisha Ranjan akasafiri Bombay kwa arusi. Kisha mkaguzi akaja. Kila mwisho wa mwezi Chepkemei alimwuliza, "Mwezi ujao ni lini, Baba Chebet?" na Kiprugut alicheka kwa lile pengo lake, akasema mwezi ujao ni ule unaofuata huu. Mzaha ukizidi kuzeeka huwa haumchekeshi mtu. Chepkemei akaacha kuuliza.

Lakini aliendelea kulipa. Katika sherehe za kwao, akina mama wa rika lake walipokaa pamoja kuimba, walimpa nafasi pembeni, kwa heshima, kama wanavyompa mgeni. Hakuna aliyemtukana. Mmoja tu, tena kwa mapenzi, alimwuliza kama bado anajua kutema mate ya baraka kupitia pengo au kama sasa yanagonga ukuta. Walicheka, naye akacheka. Njia nzima ya kurudi Nakuru alikuwa akilitafuta pengo lake kwa ulimi na kukuta ukuta kweli.

Ilipofika mwaka wa 1973, nguzo ya kushoto ilianza kuuma. Mwanzoni ni baridi ya asubuhi tu iliyoichokoza, ile baridi inayoteremka kutoka mlima Menengai. Baadaye hata mursik, maziwa ya mgando ya kibuyuni ambayo alikuwa akiyanywa tangu utoto, yakawa yanampandisha machozi. Akapanda zile ngazi za duka la Mohanlal peke yake.

Ranjan alikuwa ameota mvi, lakini alikuwa bado anaimba puani. Aligonga hapa, akagonga pale, akalilegeza daraja na kulitoa lote zima, akaliweka kwenye sahani. Chepkemei akaomba kioo.

"Usitazame, Mama."

"Mdomo ni wangu. Ulisema mwenyewe."

Akapewa kioo. Aliona pengo lake, la kitambo, limesinyaa kidogo lakini lipo. Na kando yake, mahali palipokuwa na meno mawili mazima, aliona vijiti viwili vyembamba vya rangi ya manjano, kimoja kimeanza kuwa cheusi shinani. Hakuwa amewahi kuviona. Siku ile ya kwanza alikuwa na ganzi na pamba na imani. Alikisogeza kioo karibu zaidi.

"Hii nyeusi nitaisafisha, nitarudisha daraja," Ranjan akasema taratibu. "Itakaa mwaka, labda miwili. Siku ikitoka, daraja haiwezi kusimama kwa nguzo moja. Itabidi jirani yake asagwe, awe nguzo mpya."

"Na huyo akichoka, tutamwendea jirani wa jirani."

Ranjan akaenda kuosha mikono.

"Ukija kusaga za mume wangu," Chepkemei akasema, na hata sasa ni vigumu kueleza kwa nini alisema hivyo, pengine tumaini lilikuwa bado limebaki kipande, "umsagie kidogo. Mwambie achukue dhahabu."

Daktari aliacha kuosha mikono. "Za mume yako? Mama, yeye alikataa tangu siku ya kwanza. Alisema hapa hapa, umekaa kwa hii kiti. Alisema mimi usinipangie siku, hii ni ya bibi tu. Alisema yeye ni mtu wa watu wa nyumbani, iko siku atataka kura yao, hawezi kusimama mbele yao na meno ya Mzungu." Akasita. "Mimi nilifikiri mmeongea nyumbani."

"Ulinitazama siku ile."

"Nilitazama, ndiyo."

"Halafu ukawasha mashine."

Ranjan alikausha vidole vyake kimoja kimoja, mpaka vikawa vikavu kupita kiasi. Chepkemei akafungua mdomo. Alirudishiwa daraja lake, akashuka ngazi, akapita katikati ya vitambaa vya Mohanlal bila kuona rangi hata moja.

Uchungu alioshuka nao haukuwa wa jino. Kama Kiprugut angekuwa mwoga tu, angemsamehe. Uoga wake aliujua kabla hajajua kusoma, alikuwa ameufuta kwa nguo yake mwenyewe. Lakini huyu hakuogopa. Huyu alipanga. Alisimama juu yake akiwa amelazwa, mdomo wazi, akamwuza kwa lugha asiyoijua, huku anatabasamu. Na mwezi baada ya mwezi alimwacha aulize mwezi ujao ni lini. Hilo la kuulizwa na kucheka lilimchoma kuliko vile vijiti viwili.

Nyumbani alimkuta Kiprugut akipiga viatu rangi kwa furaha. Walikuwa na shamba dogo upande wa Rongai, kwenye ardhi iliyokatwakatwa kutoka kwa settla wa Kizungu, na wakulima wa huko walikuwa na chama chao cha maziwa. Mwenyekiti alikuwa amestaafu. Jumamosi wangechagua mwingine, na Kiprugut alikuwa amejiandikisha. Mpinzani wake mkubwa alikuwa Joash, mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa kanisa, ambaye pengo lake aliliziba Nairobi zamani na hakuwahi kumficha mtu.

"Nimetoka kwa daktari," Chepkemei akasema.

"Vizuri. Amesema nini?"

"Amesema mengi."

Kiprugut alitemea kiatu mate, akasugua. Hakuuliza mengi yapi. "Jumamosi tutakwenda wote," akasema. "Vaa leso, ile ya nyumbani, siyo gauni. Ukae nyuma yangu watu wakuone. Lakini usicheke, na usiimbe wakiimba. Mtu akikusalimu, itikia kwa kichwa."

"Mdomo niuache nyumbani?"

"Uufunge tu. Unajua kwa nini."

Alijua. Lile daraja ambalo Kiprugut alilihitaji hotelini, leo lilikuwa aibu. Chepkemei akaenda jikoni kupika, na ugali wa siku hiyo ulisongwa mpaka Chebet akauliza sufuria imekosa nini.

Jumamosi wakulima walikusanyika mbele ya kibanda cha kupozea maziwa, wanaume kwenye mikebe iliyopinduliwa, akina mama kwenye nyasi. Chepkemei alipewa kiti nyuma ya meza. Joash alitangulia kuzungumza, kwa sauti ya darasani, akaeleza kuhusu barabara ya lori na maziwa yanayoharibika njiani. Alisikilizwa kwa adabu. Kisha Kiprugut akainuka, na watu wakajisogeza mbele, maana huyu alijua kusema.

Aliwasalimu kwa majina ya koo zao. Aliwachekesha kuhusu lori. Halafu, bila kuonya, aliuvuta mdomo wake wa chini kwa kidole na kuzunguka polepole ili kila upande uone.

"Tazameni!" akasema. "Hapa alipita mzee mng'oaji, na hapa pako vilevile alivyopaacha. Mimi nimekaa mjini, nimekula na Wazungu meza moja, lakini sikuweka vigae vyao mdomoni. Mtu anayeona haya kwa pengo alilopewa na babu zake, kesho atawaonea haya nyinyi wenyewe!"

Kicheko kilipasuka. Joash, aliyekuwa amekaa mwisho wa meza, aliinamisha kichwa na kuweka kiganja juu ya midomo yake. Chepkemei alikiona kile kiganja. Alikijua. Kilikuwa chake cha hotelini.

Kiprugut alikuwa amenoga sasa, na mtu aliyenoga hajui kushuka. "Na siku ile ya kung'olewa," akaendelea, "kichuma kilipoingia, sikutoa chozi. Hata moja! Msiseme najisifu, shahidi ninaye. Mke wangu huyu tulikaa mstari mmoja. Mama Chebet, si kweli?"

Akageuka, na macho yake yakamwelekeza la kufanya: itikia kwa kichwa. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Mwanamke aliyemfichia siri yake tangu utotoni, na ambaye leo mdomo wake umefungwa kwa amri, angemwangusha vipi?

Chepkemei alisimama. Kwanza alitabasamu. Hakufanya haraka, alitabasamu mpaka mwisho, jua likapiga yale meno meupe, na akina mama wa mbele wakayaona, wakapeana habari kwa viwiko hadi nyuma kabisa. Kelele zikaisha.

"Alilia," akasema.

Joash akainua kichwa.

"Alilia mpaka shingoni. Nilimfuta mimi, na sikumwambia mtu mpaka leo." Sauti yake ilikuwa imara, ile iliyosifiwa zamani. "Na haya meno mnayoyacheka, yeye ndiye aliyenipeleka nikawekewa. Aliniambia tutaweka sote wawili. Mimi bado namngoja."

Akaketi. Bibi kizee mmoja ndiye aliyeanza kucheka, kicheko chembamba, kikapanda, kikawashika wengine, mpaka wanaume kwenye mikebe wakawa wanapigana migongo. Kiprugut alisimama pale na kidole chake bado karibu na mdomo, kama mtu aliyesahau alitaka kukuna wapi. Joash alichaguliwa kabla jua halijageuka.

Ungedhani akina mama wangekuja kumkumbatia. Wawili walimpa mkono. Wengine walimpita wakiangalia pembeni, maana mke aliyemvua mumewe nguo mbele ya mkutano haijulikani anasalimiwaje. Joash mwenyewe alimwinamia kidogo, kwa mbali, akaondoka na watu wake. Chepkemei alikwenda kwenye gari peke yake akakaa. Alingoja ajisikie mwepesi. Hakujisikia mwepesi, alijisikia mtu ambaye ametoa kitu cha mwisho alichokuwa nacho, na nyumba sasa haina kitu.

Kiprugut aliendesha gari. Walipita mashamba ya mahindi, wakapita vituo vya maziwa, na vumbi likawaingilia dirishani kwa sababu hakuna aliyetaka kuinua mkono kufunga kioo. Ziwa lilipoanza kuonekana kwa mbali, na juu yake ule utepe wa ndege wa ziwani wenye rangi ya waridi, ndipo alipofungua mdomo. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumizwa kweli, na pengine aliumizwa kweli.

"Umenisaliti," akasema. "Siri ya utoto, Mama Chebet. Niliyokupa wewe peke yako. Kati ya watu wote duniani, wewe ndiye wa kunisaliti?"

Upepo ulikuwa ukipiga moja kwa moja kwenye nguzo ya kushoto. Chepkemei aliuma meno, yaliyo yake na yasiyo yake, akangoja maumivu yapungue. Alimtazama mumewe kutoka pembeni, akaliona pengo likifunguka na kufungika anapohema, zuri, halijaguswa. Alikuwa na mengi ya kumwambia, kuhusu kiti, na pamba, na Kizungu, na mama yake mlangoni. Akayaacha yote, akamwuliza lile swali aliloacha kuuliza miaka mingi.

"Baba Chebet, mwezi ujao ni lini?"